Sekunde Tisa za Tusekile

Siku Atuganile Mwaisumo alipogundua kwamba mshipi wake unakula miguu ya watu, alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Alikuwa akitafuta sababu ya betri kuisha mapema.

Malalamiko yalianza kama utani. Wazee wa Uwanda, mtaa uliosawazishwa kwa tingatinga chini ya mji wa Tukuyu, walisema zamani mishipi yao ya kutembelea ilidumu tangu alfajiri mpaka wakati wa kulala, na sasa inazima saa tisa alasiri. Mshipi ukizima hukaza magoti ili mvaaji asidondoke. Basi mama mmoja alibaki amesimama wima katikati ya ibada, wenzake wote wameketi, mpaka mahubiri yakaisha. Watu walicheka. Atuganile hakucheka, maana alikuwa mpimaji mkuu wa Idara ya Mwendo na mshipi ule alikuwa ameufundisha kutembea yeye mwenyewe.

Alifungua kumbukumbu za mishipi mia tatu. Kila mshipi ulikuwa na mota sita ndogo, mbili nyongani, mbili magotini na mbili vifundoni, na kila mota iliandika nguvu iliyotumia. Mwaka wa kwanza mota zilifanya sehemu tatu kati ya kumi za kazi ya kumsimamisha mtu. Mwaka wa pili, tano. Mwaka wa tatu, nane. Betri hazikuwa na kosa lolote. Miguu ndiyo iliyokuwa imeacha kazi.

Asubuhi iliyofuata alimwita Mzee Ambilikile, aliyekuwa fundi wa nguzo za umeme enzi zake, mtu aliyezoea kufanya kazi akiwa ananing'inia mita kumi juu ya barabara. Sheria haikutaka mwenye mshipi apimwe tena, kwa hiyo tangu avishwe hakuna aliyewahi kumsimamisha bila mshipi.

"Vua, baba," Atuganile alimwambia. "Nitakushika."

Mzee alipanda kwenye bamba la kupimia, akainua mguu wa kushoto. Sekunde moja haikutimia. Alimwangukia Atuganile kifuani kama gunia. Alicheka kwanza, halafu akaona uso wa mpimaji.

"Nilikuwa nimepata ngapi ile mara ya kwanza?" aliuliza.

"Tisa, baba."

"Na iliyotakiwa ni kumi."

"Ndiyo."

"Nilikosa moja," Mzee Ambilikile alisema, akinyoosha mkono kuutafuta mshipi wake. "Moja tu, mwanangu."

*

Namba kumi ilikuwa ya Atuganile. Miaka minane nyuma, wodi ya nyonga ilipokuwa na wagonjwa wawili kwa kila kitanda, waliletwa wataalamu kuulizwa ni lini mzee anakuwa hatari kwa nafsi yake. Wengine walizungumza kwa saa nzima. Yeye alisema: mtu wa miaka sitini na tano asimame kwa mguu mmoja, mikono chini, macho wazi. Asiyefika sekunde kumi yuko njiani kuanguka. Ilikuwa rahisi kuelewa, ikawa sheria. Kuanzia hapo kila mtu aliyefikisha umri huo alipanda kwenye bamba mara moja kwa mwaka, na aliyeshindwa alivishwa mshipi. Na kwa kuwa mshipi ulikataa mteremko wowote uliozidi kipimo chake, aliyeshindwa alihama mlimani na kuletwa Uwanda, kwenye nyumba zisizo na ngazi wala kizingiti.

Mkurugenzi wa Idara, Lugano Kasyupa, alisikiliza habari za mota bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimchosha Atuganile.

"Wodi ya nyonga ina vitanda vingapi leo?" aliuliza Atuganile alipomaliza.

"Viwili."

"Vilikuwa arobaini. Watu hawaanguki tena, dada Atuganile."

"Hawaanguki kwa sababu hawasimami, mkurugenzi. Unaosimama ni mshipi. Wao wamening'inizwa ndani yake."

"Na ukiwavua?"

Ukiwavua watu elfu mbili ambao miguu yao imelala kwa miaka, kabla ya mwezi kwisha utakuwa umewazika wengi. Ukiwaacha, hakuna hata mmoja atakayetembea kwa nguvu zake tena, na kila mwaka wanaongezwa wengine. Atuganile alikuwa ameyapima yote mawili usiku kucha, na mizani ilikataa kulala upande wowote.

"Mguu hufundishika," alisema mwishowe. "Hata wa mzee. Mazoezi ya kila siku, ya pole pole, kwa miezi mitatu au minne. Tungewapa hayo kwanza, mshipi wengi wasingeuhitaji."

"Nionyeshe mmoja," Kasyupa alisema. "Mmoja aliyevua mshipi akafundishwa akafika kumi. Nakupa miezi minne. Lakini akishindwa, anarudi ndani na mshipi unapigwa lakiri, kufuli inayojifungua saa za kulala na kuoga tu, na ufunguo wake unakaa Idara. Ndivyo sheria inavyosema kwa anayevua, na siwezi kuivunja kwa ajili yako. Atie sahihi mwenyewe, akijua."

*

Nani angetia sahihi ya namna hiyo? Atuganile alimjua mmoja. Alikuwa hajamtazama machoni kwa miaka mitatu.

Dada yake Tusekile alikuwa na miaka sabini na mmoja. Maisha yake yote kabla ya mshipi aliishi Lupepo, kwenye mteremko ambao mvua haikauki, akichuma chai na kulima migomba mahali ambapo wageni walipanda kwa mikono na magoti. Alipofikisha miaka sitini na nane siku yake ya kupimwa ilimkuta ametoka kitandani juzi, alikokuwa amelazwa kwa homa ya matumbo. Akapata nane.

Alikuwa amemwambia mdogo wake, pale pale kwenye bamba: "Nipe wiki mbili, Atu. Nile nipate nguvu, halafu unipime."

Na Atuganile alikuwa amejibu: "Sheria haina wiki mbili, dada." Akapiga goti na kumfunga mshipi kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa aliona ni heshima asiachiwe mgeni.

Sasa alimkuta ameketi mlangoni Uwanda akimenya ndizi. Alimweleza yote, habari za mota, za Mzee Ambilikile, za lakiri. Tusekile aliendelea kumenya.

"Kwa hiyo ulinifunga kitu cha kuniua miguu," alisema.

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ungekuwa mchawi, na mama hakuzaa mchawi." Aliweka kisu chini. "Nikifika kumi, nini?"

"Idara itaamini. Watu wote watakaokuja baadaye watapewa mazoezi kwanza, na hata wa Uwanda..."

"Sijauliza watu wote. Mimi nikifika kumi, nini?"

"Unarudi Lupepo."

"Leta karatasi," Tusekile alisema.

*

Walianza jikoni, kwa kuwa jikoni kuna ukingo wa saruji wa kushikilia. Siku ya kwanza Tusekile alipata sekunde moja tu kwa mguu mmoja, kisha akasimama miguu imebanana, mikono miwili ukingoni, na jasho likamtoka kama anayepanda Lupepo na tenga la chai mgongoni. Wiki ya pili alishika kwa mkono mmoja. Halafu kwa kidole. Atuganile alimfundisha kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Alimfundisha kupanda juu ya vidole vya miguu na kushuka taratibu, kutembea juu ya mstari wa chaki kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kugeuza kichwa kushoto na kulia huku mwili umetulia. Alikunja blanketi mara nne akamsimamisha juu yake, ili nyayo zikose uhakika na kifundo kilazimike kufikiri.

"Vitu vitatu vinakusimamisha," alimweleza. "Macho, nyayo, na maji yaliyo ndani ya sikio. Mshipi ulivifanya vyote vitatu vizembee."

"Sikio langu halijazembea. Linasikia kila uongo unaosemwa Uwanda."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kucheka pamoja, na hata hicho kicheko hakikwenda mbali.

Mwezi wa pili Tusekile alianguka. Alikuwa peke yake, akipiga mswaki kwa mguu mmoja kama alivyoelekezwa, akapiga bega kwenye mlango. Atuganile alipoliona lile vilio jeusi la damu lililoshuka mpaka kiwiko, aliketi sakafuni na kusema basi, yatosha.

"Yamtosha nani?" Tusekile aliuliza. "Wewe umeanguka?"

"Ungeweza kuvunjika nyonga, dada."

"Nimezaa watoto watano peke yangu kwenye kibanda cha juu, huku udongo ukiteleza. Hakuna aliyesema yatosha. Leo bega tu." Alijiinua akishika kiti. "Mkiogopa sana mtu asianguke, mnamlaza. Inuka wewe, unanizibia mstari."

Mwezi wa tatu alifika sita. Kisha saba na nusu. Wiki ya mwisho alifika kumi na mbili, na siku moja, mvua ikipiga bati, kumi na nne. Aliposhusha mguu hakusema neno. Alikwenda dirishani, akatazama upande wa Lupepo ambako hakukuonekana kitu ila ukungu, akaanza kutaja kwa sauti ndogo vitu vya kufanya: kupalilia chai ya upande wa chini, kung'oa migomba iliyozeeka, kuziba lile bati la kibanda linalovuja. Atuganile alisikiliza akiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu.

*

Ukumbi wa Idara ulikuwa na watu wanne: mkurugenzi, wajumbe wawili wa kamati, na karani. Bamba liliwekwa katikati, na mkeka umezungushwa pande zote.

Kuna jambo moja kuhusu bamba ambalo watu wa nje hawakulijua. Bamba lilipima mguu uliokuwa juu yake tu. Ule mguu wa hewani hakikuwepo chombo cha kuuangalia. Walijaribu kamera zamani, zikawa zinahesabu upepo wa gauni kuwa mguso, hivyo Atuganile mwenyewe aliandika kwenye kanuni kwamba jicho la mpimaji ndilo litakaloamua. Mguu ukigusa chini, hata kwa ncha, mpimaji anabonyeza kitufe na hesabu inafungwa. Hakuna rufaa, na hakuna kurudia.

Kasyupa alipendekeza mpimaji awe mwingine. Wajumbe wakauliza nani, kwa kuwa wapimaji wote wengine walikuwa wanafunzi wa Atuganile. Akabaki yeye.

Tusekile alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomfika vifundoni. Alipanda bila kushikwa. Aliitazama alama ukutani, akainua mguu wa kushoto, na Atuganile akabonyeza kitufe, hesabu ikaanza.

Moja, mbili, tatu. Kifundo chake kilicheza, kikajirekebisha, kama mwendesha baiskeli anayekwenda pole. Nne. Tano. Mjumbe mmoja aliegemea mbele. Sita, saba. Wote walikuwa wakitazama uso wa yule mama, maana uso wake ulikuwa mtulivu kiasi cha kumvuta mtu. Nane. Atuganile peke yake ndiye aliyekuwa akitazama chini, kama alivyotazama chini kwa miaka minane.

Kwenye tisa, ncha ya kidole gumba cha kushoto iligusa mkeka chini ya pindo la kitenge. Iligusa na kuondoka, kwa muda wa kupepesa jicho.

Tusekile aliendelea kusimama. Kumi. Kumi na moja. Karani alitabasamu. Kumi na mbili. Kumi na tatu, akashusha mguu, na mmoja wa wajumbe akapiga makofi mawili kabla ya kukumbuka yuko wapi.

Atuganile alikuwa hajabonyeza mara ya pili. Saa ya bamba ilikuwa bado inakimbia, na ilikuwa juu yake kusema ilipaswa kusimama wapi.

Akisema kumi na tatu, dada yake analala Lupepo kesho. Idara inaamini, wazee wanaokuja wanaokolewa na mshipi, na hakuna anayedhurika. Lakini msingi wa yote hayo utakuwa uongo wake. Siku mtu mwingine akipimwa akashindwa kufika, wataanza kuuliza habari za yule wa kwanza, dada wa mpimaji. Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Alikuwa amewaambia watu elfu mbili kwamba nane ni nane na tisa ni tisa. Alimwambia Mzee Ambilikile. Alimwambia huyu huyu, akiwa ametoka tu kwenye homa.

Alimtazama dada yake. Tusekile alikuwa anamtazama tayari. Alijua. Mguu ulikuwa wake, angekosaje kujua? Na hakuomba kwa mdomo wala kwa jicho. Alingoja tu.

"Mguu umegusa," Atuganile alisema. "Tisa."

*

Kasyupa alimwita ofisini jioni ile. Alikuwa amesimama, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Mimi sikuona mguso," alisema. "Hakuna aliyeona. Ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo."

"Kutoka sekunde moja mpaka tisa kwa miezi minne, kwa mama wa miaka sabini na mmoja. Kamati imekubali, dada Atuganile. Kuanzia Januari, hakuna atakayevishwa mshipi kabla ya kupewa miezi minne ya mazoezi. Na unajua kilichowashawishi? Si mota zako. Wamesema, anayeweza kumwandikia dada yake tisa hawezi kutudanganya."

Atuganile aliuliza: "Na walio ndani ya mishipi tayari?"

"Hao hapana. Ni hatari mno, watu elfu mbili. Labda baadaye."

"Na Tusekile?"

"Alitia sahihi," Kasyupa alisema kwa upole wake.

Lakiri ilipigwa kesho yake. Safari hii Atuganile hakupiga goti. Alimwachia mgeni, yeye mwenyewe akasimama nje ya mlango. Alipoingia, dada yake alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Ungesema kumi ningekuwa nyumbani," Tusekile alisema. "Umesema tisa, umebaki msafi. Ndaga, mdogo wangu. Asante sana. Sasa nenda."

*

Ukumbi wa mazoezi ulifunguliwa Januari na ukajaa tangu siku ya kwanza. Walikuja watu wa miaka sitini na tano, sitini na saba, wakasimama kwa mistari wameshika migongo ya viti, wakicheka na kusukumana kama watoto wa shule. Mwezi wa Mei walipimwa watu mia moja na ishirini ambao zamani wangevishwa. Themanini na tisa walivuka kumi. Walimletea Atuganile maparachichi, kuku, na mkungu wa ndizi. Mwanamke mmoja alimshika mikono akalia, akisema amemrudishia shamba lake.

Mwezi wa Agosti Atuganile alichukua ufunguo wa lakiri kwenye kabati la Idara, akautia mkobani mchana kweupe, akashuka Uwanda. Alijua maana yake. Mpimaji anayefungua lakiri bila idhini anapoteza kazi na kushitakiwa, na wale maadui wa ukumbi wa mazoezi, waliokuwapo, wangepata la kusema. Alikuwa ameyafikiri yote hayo njiani na kila alipofika mwisho wa fikra aliona tu ile ncha ya kidole juu ya mkeka.

Tusekile alikuwa ameketi kibarazani. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda miguuni. Atuganile hakusalimu sana. Alipiga goti, akatia ufunguo, lakiri ikafunguka, akamvua mshipi wote mpaka vifundoni.

"Inuka, dada. Gari liko pale. Nakupeleka Lupepo."

Tusekile aliutazama mshipi ulioanguka sakafuni, halafu akamtazama yeye, kwa muda mrefu. Kisha akaweka mikono kwenye kiti na kujisukuma. Alifika nusu ya njia. Mapaja yakatetemeka, magoti yakafunguka kila moja upande wake, na Atuganile akamdaka kiunoni kabla hajafika chini. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotazamia.

"Tutaanza upya," Atuganile alisema. "Jikoni, kama zamani. Nitakuja kila siku."

"Ile miezi minne nilikuwa na pa kwenda." Tusekile alikuwa anahema. "Mwanangu Gwakisa amegawa shamba. Mwezi wa Aprili alikuja kuniambia. Alidhani nimekwisha, na mimi sikumbishia. Kibanda amekivunja, mabati ameyachukua."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia kwa sababu gani?"

Atuganile alibaki amemshikilia. Mikono yake ilianza kuchoka. Jirani wa nyumba ya pili alitoka, akawaona, akarudi ndani.

"Niweke kitini," Tusekile alisema. Alipowekwa, alijipanga gauni, akapumua, akaelekeza kidole sakafuni.

"Nifunge."

"Dada."

"Nimeacha maharage motoni, Atu. Nifunge niende jikoni kabla hayajaungua."

Atuganile aliuokota mshipi. Alianza na vifundo, akaja magoti, akaja nyonga, akakaza kila pingu kama alivyowahi kuwafundisha wengine kukaza, isilegee wala isibane. Mota zikaguna, zikaamka. Tusekile akainuliwa wima, akageuzwa taratibu kuelekea mlangoni, naye akaenda, mgongo wake umenyooka, bila kuyumba hata kidogo.